Boti Yako Ikilia, Inakojoa

Kabla sijanunua boti nilikuwa mtu wa kuheshimika katika mambo ya umeme. Watu waliniletea pasi zikapona. Waliniletea redio. Niliwahi hata kuletewa feni, nikaitengeneza, na mpaka leo inazunguka, ingawa inavuta upepo badala ya kuuleta. Kwa hiyo swichi za boti zilipoanza visa, sikuona haja ya kumwita fundi. Fundi wa nini na mimi nipo?

Boti yenyewe usidhani ni meli. Ni faibaglasi ya futi 18, injini imening'inia nyuma, tezini, viti vinne, usukani, na mbele ya usukani dashibodi yenye swichi sita zilizojipanga kama meno ya mbele: taa za safari, taa za ndani, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini kabisa ya boti), honi, redio, na ya sita ambayo aliyeniuzia, nilipomuuliza ni ya nini, alisema, "Hiyo iache tu." Nikaiacha. Alama zilizokuwa juu yake zilishafutwa na jua na vidole, kwa hiyo kila swichi tuliijua kwa mahali inapokaa.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi gatini, jua linazama. Mimi usukanini, mke wangu kiti cha nyuma, na shemeji, kaka yake, kakaa mbele, omo, mikono kifuani kama yeye ndiye aliyeigundua bahari. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zile za mwaka 1972, zinataka taa za safari ziwake kuanzia machweo hadi macheo: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe. Mimi ni mtu wa kanuni. Nikabonyeza. Taa zikawaka, lakini kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilomhusu. Mbele yetu ikatokeza boti nyingine. Nikapiga honi.

Honi ile ikiwa na afya yake inaweza kumtoa mtu usingizini akiwa ng'ambo ya maji. Jioni hiyo ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Meee. Papo hapo taa zote zikafifia zikawa kama vijinga vya mkaa, na mshale wa kipimo cha mafuta ukaanza kucheza. Nikaiachia honi, taa zikarudi. Nikaibonyeza tena. Meee. Taa zikasinzia.

"Shemeji," shemeji akasema bila kugeuka, "hiyo ni swichi. Imekufa."

"Ipi?"

"Zote."

Mke wangu akacheka. "Swichi zote zife siku moja? Zimekunywa sumu? Kama vyote vinaumwa pamoja, tafuteni kitu wanachochangia."

Tafadhali iweke kauli hiyo mahali pazuri, maana mimi sikuiweka popote. Tulitazamana na shemeji, tukatabasamu lile tabasamu la wataalamu wawili waliosikia neno la mtu wa pembeni, tukaendelea.

Asubuhi ya Jumamosi nilishuka gatini na mita yangu. Kwanza nilizima kila kitu, kwa usalama. Usalama huo ndio ulioniponza, lakini hayo tutayafikia. Nikapima betri: volti 12.6, yaani betri imeshiba. Nikapima pale umeme unapoingilia kwenye swichi ya taa: 12.6. Honi: 12.6. Pampu: 12.6. Kila nilipogusa, mita ilinijibu jibu lile lile kama mtoto aliyekariri. Shemeji alikuwa ameshika tochi, ingawa jua lilikuwa kali.

"Umeona?" akasema. "Umeme unafika mpaka kwenye swichi. Kwenye taa haufiki sawasawa. Katikati kuna nini?"

"Swichi."

"Basi."

Hata leo nikiurudia mjadala ule nauona hauna tundu. Ulikuwa wa uongo mtupu, lakini hauna tundu.

Swichi sita mpya zikanunuliwa. Bei siitaji, mke wangu anajua kusoma.

Sasa dashibodi ya boti, kwa usoni, ni kitu cha kupendeza. Ukifungua skrubu nne ukaipindua ndipo unajua siri ya mwenyeji wako. Nyuma palikuwa na nyaya zimejisokota kama nywele za mtu aliyetoka kuogelea. Nyingine zimeungwa kwa tepu, tepu imeyeyuka imekuwa gundi, gundi imeshika vumbi na nzi wawili. Juu ya vichwa vya skrubu palikuwa na unga wa kijani, ule unaotokea shaba ikionja chumvi. Nyaya kumi na saba. Nilizihesabu mara mbili, mara ya pili zikawa kumi na tisa.

Nilishasikia kwamba mtu mwenye akili hupiga picha kabla hajang'oa kitu. Nikapiga. Picha ninayo mpaka leo, nzuri sana, inaonyesha kidole gumba changu, na nyuma yake, kwa mbali, waya mmoja. Kisha nikazing'oa zote kwa mkupuo.

"Rangi zitatuongoza," nikamwambia shemeji. Na kweli rangi zina utaratibu wake. Katika boti zilizotengenezwa kwa kufuata utaratibu wa Marekani, nyeusi au njano ni hasi, nyekundu ni chanya, kijivu iliyokolea ni taa za safari, kahawia ni pampu, na rangi ya machungwa ni vikorokoro kama honi. Ni utaratibu mzuri, kwa sharti kwamba boti iwe mpya. Yangu ilikuwa imekaa juani miaka, na rangi ya machungwa ilikuwa imezeeka ikakutana na kahawia katikati ya njia, zote mbili zikawa rangi ya udongo. Nilikuwa nimeshika nyaya mbili za udongo na swichi moja ya honi.

"Hizi ni ndugu," shemeji akasema. "Zikae pamoja."

Nikaziunganisha pamoja kwenye honi.

Swichi ya taa za safari ndiyo iliyotutoa jasho zaidi, kwa kuwa ina hali tatu: juu boti inasafiri, katikati zimezimwa, chini imetia nanga. Inaposafiri zinawaka taa zote, za rangi na nyeupe. Ikitia nanga inabaki nyeupe peke yake, ili wapitao wajue chombo hiki hakiendi popote. Tulipomaliza kufunga, boti yangu ikitia nanga inadai iko safarini, na ikiwa safarini inadai imetia nanga. Shemeji akatafakari, akaing'oa swichi, akaigeuza juu chini, akairudisha. Ikawa sahihi. Nakiri nilimheshimu.

Na ile swichi ya sita? Tulipoifikia tukakuta nyuma yake hakuna waya hata mmoja. Ilikuwa imeziba tundu tu. Hata hivyo nilikuwa nimeshainunulia mrithi, nikaifunga mpya. Mpaka leo ndiyo swichi pekee kwenye boti ile ambayo haijawahi kunisumbua.

Tulipoirudisha dashibodi tukalazimika kuisukuma kwa goti, kwa sababu nyaya zilizokuwa zinaingia asubuhi hazikutaka kuingia tena mchana. Tukaminya, tukafunga skrubu tatu (ya nne ilikuwa imeanguka ngamani), tukawasha. Taa zikawaka kama harusi. Honi ikapaza sauti, ndege wakahama. Nikabonyeza honi taa zikiwa zinawaka: hazikutikisika. Pampu ya ngama nilipoibonyeza, kijitaa chekundu kwenye swichi kikawaka, lakini pampu yenyewe haikunguruma.

"Haina maji huko chini," nikasema. "Itasukuma nini?"

Mke wangu alikuwa amekuja kututazama. Aliinua unyusi mmoja, akaushusha. Jambo jingine dogo: njia ya pampu ilikuwa na fyuzi ya ampea 5, nikaona ni kamdudu, nikaweka ya 15 ili umeme upumue. Ndiyo. Niliandika "ili umeme upumue" na sifuti, wacha watoto wangu waisome.

Jioni ile nilikula kwa kiburi na kulala kwa kiburi. Tulikuwa tumepanga nyumba hatua chache kutoka gatini, na nje kulikuwa kukinyesha.

Saa tisa usiku simu ikaita. Ni mlinzi wa gati.

"Bosi, samahani. Boti yako inakuita."

"Inaniita vipi?"

"Sikiliza." Akaielekeza simu majini. Haikuwa na haja. Dirisha lilikuwa wazi. Peeeeeeeeee.

Nikatoka mbio na nguo za kulalia, shemeji nyuma yangu na tochi yake, safari hii tochi ikiwa na kazi. Tukiwa nusu ya njia, kimya. Tukafika, boti imetulia, inayumbayumba kidogo kama mtoto anayejifanya amelala. Nikaikagua swichi ya honi, sioni kitu. Nikaigusa. Nikaitikisa. Hakuna.

"Labda ilinasa," nikasema.

"Imenasuka," shemeji akasema.

Tukarudi. Nimegusa kitasa cha mlango: Peeeeeeeeee.

Ilituendesha hivyo mara tatu. Tukifika, inanyamaza. Tukiondoka, inalia. Mara ya nne tukaamua kuikalia palepale, tumechuchumaa kwenye gati kama wawindaji. Dakika zikapita. Boti ya jirani akatokeza mzee mmoja aliyekuwa amelala humo, blanketi begani.

"Kijana," akaniambia kwa upole mkubwa, "kama unaondoka, ondoka. Kama huondoki, mbona unaaga?"

Sijamjibu, honi ikamjibu. Peeeeeeeeee. Nikaruka ndani, nikaiendea swichi kuu ya betri, ile ya kuzungusha inayokata umeme wa chombo kizima, nikaizungusha mpaka palipoandikwa imezimwa. Hapo ndipo nilipopoa miguu, kwa sababu honi haikuzimika. Nilikuwa nimeukata umeme wa boti yote, taa ya ndani imezimika, redio imezimika, na honi inaendelea kana kwamba ina betri yake moyoni.

"Shemeji," shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hii si umeme tena."

Kisha akafanya alichoona kinafaa. Alichukua jaketi la kuokolea maisha, akaivalisha honi, akatafuta kamba, akaikuta ya kwanza iliyokuwa karibu na usukani, akaifunga jaketi kwa mizunguko minne na fundo. Honi ikaendelea kulia kwa sauti ya mbuzi ndani ya gunia. Mlinzi wa gati alikuwa ameketi chini. Nilidhani anaomba dua. Alikuwa anacheka.

Mke wangu ndiye aliyekuja mwisho, amejifunga kanga, mwavuli mkononi, hana haraka. Akasimama kwenye gati upande wa kushoto wa boti. Honi ikalia. Ikanyamaza. Ikakaa. Ikalia tena. Akainama kidogo.

"Baba watoto."

"Nini?"

"Boti yako ikilia, inakojoa."

Tukanyamaza wote. Shemeji akamulika. Pale ubavuni, kwenye kitundu cha bomba la pampu, maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, mrija mzuri, wa kujiamini. Honi ikakata. Mrija ukakata. Tukasubiri. Honi ikaanza, mrija ukaanza. Saa nzima tulikuwa tunatazama mdomo wa mgonjwa, na ugonjwa uko upande wa pili.

Ile waya ya pili ya udongo, kumbe, haikuwa ndugu ya honi. Ilikuwa ya pampu. Pampu ya ngama ina njia mbili za kuamshwa: mtu abonyeze swichi kwenye dashibodi, au maji yapande kule chini yainue boya, boya lenyewe liiwashe. Na njia ya boya kwa kawaida huungwa moja kwa moja kwenye betri, haipiti kwenye swichi kuu, ili chombo kikiachwa peke yake kwenye mvua kijitoe maji bila kumngoja mwenyewe. Kwa hiyo mvua ilipojaza ngama, boya likainuka, umeme ukaenda kwenye pampu, na kutoka pampu ukapanda kwa waya ule ule wa udongo mpaka dashibodini, ukamkuta pale honi, ndugu yake wa kulazimishwa. Ndiyo maana swichi kuu haikufua dafu. Ndiyo maana pia mchana pampu haikunguruma kwenye swichi yake. Haikuwa na waya tena. Ilikuwa inanguruma kila nilipojaribu honi, ila nani angesikia?

Tuliichomoa fyuzi ya pampu, ikawa kimya cha kweli. Lakini kimya kile kilikuwa na gharama, kwa kuwa sasa boti haina pampu na mvua haijakata. Mimi na shemeji tukafua maji kwa kopo, kwa zamu, mpaka kukapambazuka. Mke wangu alirudi kulala.

Fundi alikuja saa tatu asubuhi. Mtu mzima, mfupi, mfuko mmoja wa turubai. Hakuuliza chochote kwanza. Alipindua dashibodi, akatazama kazi yetu kwa muda ambao haukuwa wa lazima, halafu akauliza, "Nani aliyeunga honi na pampu?"

Mimi nilimnyooshea kidole shemeji. Shemeji alininyooshea mimi.

"Watu huniita niwafungie kitu hiki," fundi akasema. "Kengele ya ngama. Wazo zuri, mahali pabaya. Kengele huwekewa boya lake peke yake, juu kidogo ya boya la pampu, ilie pale pampu ikishindwa na maji. Ya kwenu inalia pampu ikishinda." Akaitenganisha kahawia na ya machungwa kwa kukwaruza ngozi ya waya kwa ukucha, ndani rangi zikaonekana changa kabisa. Sekunde kumi. Kule kulia na kunyamaza kulikuwa na sababu rahisi pia: pampu ikizima, maji yaliyobaki ndani ya bomba hurudi chini, yanaliinua boya, pampu inaamka tena. Alituambia bomba lisiwe refu bila sababu. Kisha akaiona fyuzi yangu ya 15.

"Hii?"

"Nilitaka umeme upumue, mzee."

Hakucheka. Akaitoa, akairudisha ya 5. "Fyuzi hailindi pampu, bwana. Inalinda waya. Pampu ikikwama na takataka, fyuzi ya 5 inakatika. Ya 15 inakaa pale inatazama waya ukiota moto, na waya umepita jirani na mafuta. Majini hakuna pa kukimbilia."

Hapo ningemlipa akaenda zake. Lakini wakati wa kuirudisha dashibodi aliipiga konde dogo upande, kuijaribu, nami nikabonyeza honi kumwonyesha jinsi tulivyoiponya.

Meee.

Taa zikafifia. Mshale wa mafuta ukacheza.

"Hii mlisema mmeitengeneza?" fundi akauliza.

"Swichi ni mpya zote," shemeji akasema.

"Naona ni mpya. Za zamani zilikuwa na kosa gani?"

Nikamweleza habari ya mita, 12.6 kila mahali. Akatoa mfukoni kitu ambacho nilikidharau mara moja: balbu ya gari iliyochomelewa nyaya mbili zenye vibanio. "Ulipima vitu vikiwa vimezimwa?"

"Kwa usalama."

"Mita hainywi umeme, inaunusa tu. Bomba likizibwa likabaki tundu la sindano, ukichungulia utaona maji yapo. Mlete mwenye kiu ndipo utajua." Akabana waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya dashibodi na mwingine moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Balbu ikawaka nyeupe. Akauhamishia ule wa pili kwenye kipande cha shaba nyuma ya dashibodi ambapo nyaya zote nyeusi hukusanyika. Balbu ikawa ya kahawia, ya huzuni.

Kisha akaiomba mita yangu, ile ile. Akaniambia niwashe taa na nishike honi. Akagusa hasi ya betri kwa ncha moja na kile kipande cha shaba kwa ncha nyingine. Pale, baina ya hasi na hasi, ambapo mtu ungetegemea sifuri, ikasoma 4.8.

"Volti karibu tano zinapotea njiani zikirudi nyumbani. Kwa taa za safari na pampu, kinachovumilika ni asilimia 3, kwenda na kurudi. Kwenye 12 hiyo ni 0.36." Alikuwa anasema huku mkono wake umeshazama hadi kiwiko nyuma ya dashibodi, macho juu, kama daktari wa ng'ombe. Akavuta polepole. Ukatoka waya mnene mweusi, na kichwa chake cha shaba kilichokuwa kimefungwa kwa skrubu moja kikabaki nyuma. Haukukatwa. Ulichomoka wenyewe, bila nguvu, kama jino la utotoni. Nyuzi za ndani zilikuwa nyeusi tii, na pale zilipokuwa zimebanwa palikuwa na unga wa kijani umejaa kama poda kwenye shingo. Waya huo ulibaki umeshikiliwa na nyuzi tatu au nne. Umeme wa taa, honi na redio ulikuwa unajipenyeza hapo, na uliokosa nafasi ukarudi kupitia kijiwaya chembamba cha vipimo vya injini. Ndiyo maana mshale wa mafuta ulikuwa unacheza. Kijitaa ndani ya swichi kinahitaji umeme kiduchu sana, kikapata, kikawaka, kikatudanganya. Na goti letu la Jumamosi lilikuwa limeuminya waya ukagusa vizuri kwa usiku mmoja. Swichi mpya zikapokea sifa za goti.

Vyote vilikuwa vinachangia waya mmoja wa kurudia.

Sikugeuka nyuma. Nilijua mke wangu amesimama pale na nilijua jinsi alivyosimama. Hakusema neno, na hilo ndilo lililonichukiza, kwa sababu neno ningeweza kulijibu.

Fundi akaukata waya mpaka shaba safi, na akashauri siku nyingine tununue ule wa shaba iliyopakwa bati, unaostahimili chumvi. Akabana kichwa kipya, akakivisha mpira unaosinyaa kwa moto, akasugua kile kipande cha shaba kwa msasa hadi kikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Nikawasha taa, nikashika honi. Mita: 0.1. Honi ikapaza sauti, na kutoka boti ya jirani yule mzee akapunga mkono, "Safari njema!"

Fundi akakunja mfuko wake. Swichi zangu sita za zamani, zote nzima, zilikuwa zimelala sakafuni ndani ya kopo la kufulia maji. Shemeji, kuondoa aibu, akasema tujaribu injini tuzunguke kidogo. Nikaweka gia fri, nikapiga selfu. Stata inazunguka vizuri, kwa nguvu, injini haishiki. Nikapiga tena. Inazunguka, haishiki. Mafuta yapo. Betri imeshiba. Hasi tumetoka kuifunga sasa hivi.

Nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Mke wangu akawahi kuichukua, akaikalia.

Akapita katikati yetu, akaenda mpaka kwenye honi. Jaketi tulishaliondoa asubuhi, lakini kamba ilikuwa bado imezungushiwa shingo ya honi mizunguko minne na fundo. Kamba nyekundu, ya kujisokota, mwisho wake una kibanio cha plastiki. Ile inayofungwa kwenye mwili wa nahodha ili akitumbukia majini ichomoke na injini izimike. Isipokuwepo mahali pake, stata itazunguka mpaka betri ife na injini haitawaka kamwe. Akalifungua fundo taratibu, akaja nayo, akakichomeka kibanio chini ya kitufe chekundu pembeni ya ufunguo. Tk. Ncha ya pili akajifunga mkononi mwake.

"Washa."

Nikawasha. Ikawaka mara moja.

Tukakaa kimya, injini inanguruma, fundi kwenye gati anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwishowe shemeji akakohoa.

"Lakini," akasema, "si nilisema ni swichi?"